Zilizotia Fora: Baiskeli za Utoto Wetu, kutoka California hadi Kilosa na Mikumi

Mtoto aliyekulia Kilosa, Kimamba au Mikumi, mkoani Morogoro, katika miaka ya 1970 na 1980 alijifunza baiskeli kwenye chombo kilichomzidi kimo. Alichukua Phoenix au Raleigh ya baba, akapitisha mguu mmoja katikati ya fremu, chini ya mtalimbo, mwili ukalala upande, na safari ikaanza. Kiti alikuja kukikalia miaka baadaye. Kisha zikaanza kuonekana BMX: fupi, tairi za inchi 20, usukani wa juu wenye fito inayokingama katikati. Mwenye nayo hakukosa marafiki. Asiye nayo alikodi kwa nusu saa, akarudisha kwa shingo upande muda ulipokwisha.

Watoto wale leo ni watu wazima. Uingereza, Marekani, Australia na Japani, wenzao wa rika hilo wanazisaka baiskeli za utotoni, wanazitoa kutu, wanazirudishia vibandiko vya kiwandani na kuziweka sebuleni. Orodha hii inazitaja zilizotia fora katika historia hiyo: iliyotangulia, iliyoenea zaidi, iliyopanda juu zaidi, na zile zilizofanya kazi nzito kuliko zote hapa kwetu. Msimamo wangu nautoa mapema. Baiskeli ya utotoni ni kumbukumbu ya ukoo na ya mji, na haistahili kuishia kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Iliyotangulia: Schwinn Sting-Ray, 1963

Kabla ya BMX kuwa BMX, kulikuwa na Sting-Ray ya kampuni ya Schwinn, Chicago. Al Fritz, mtu wa kiwanda hicho, alipata habari kwamba vijana wa California wanafunga usukani mrefu na kiti kirefu kama ndizi kwenye baiskeli ndogo za inchi 20. Hakuwadharau. Alilichukua wazo lao, na mwaka 1963 Sting-Ray ikaingia sokoni.

Kiwanda kiliitengeneza kwa ajili ya mitaa yenye lami. Watoto wakaipeleka kwenye vumbi na vichuguu. Mwaka 1970, huko Long Beach, mvulana wa miaka 13 aitwaye Scot Breithaupt aliandaa mashindano ya wenzake, na leo anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa mchezo wenyewe. Mwaka uliofuata filamu ya Bruce Brown, On Any Sunday, ilifunguliwa kwa picha za watoto walio juu ya baiskeli hizo wakiwaiga waendesha pikipiki wa motokrosi. Waliotazama filamu walitoka ukumbini wakitafuta mahali pa kuruka. BMX ilizaliwa na watoto waliotamani pikipiki za wakubwa, tamaa ileile iliyomfanya mtoto wa Mikumi abane kipande cha plastiki kwenye spoki ili baiskeli ilie.

Gurudumu lililoshinda spoki: Motomag na Tuff Wheel

Kuruka kulivunja spoki na kupinda ringi. Katikati ya miaka ya 1970 Skip Hess wa California alitoa gurudumu la aloi lililomiminwa kwenye kalibu, akaliita Motomag. Mauzo yake ndiyo yaliyoijenga kampuni ya BMX Products, iliyotuletea jina la Mongoose. Kampuni ya Skyway, ya Redding katika jimbo hilohilo, nayo ikatoa Tuff Wheel, gurudumu la nailoni lenye mikono mitano.

Ringi za plastiki tulizozijua kwenye baiskeli za watoto zimetoka kwenye ukoo huo. Uzuri wake ni kwamba hazihitaji fundi wa kukaza spoki. Ubaya wake ni kwamba zikishapata ufa, hakuna tena wa kuziponya. Kwa sababu hiyo jozi ya Tuff Wheel za zamani zisizo na ufa hata mmoja ni miongoni mwa vipuri ambavyo wakusanyaji huvigombania.

Maarufu kupita zote: Kuwahara ya E.T., 1982

Kampuni ya Kuwahara ilianzishwa Osaka mwaka 1918. Umaarufu wake wa dunia nzima ulikuja mwaka 1982, Steven Spielberg alipotoa filamu ya E.T., ambamo watoto wanawakimbia wakubwa kwa BMX hadi baiskeli zinainuka na kupita angani. Zilikuwa Kuwahara. Kampuni ikauza pia toleo lake jekundu na jeupe kwa watoto waliotaka kuwa na ile waliyoiona kwenye sinema. Wanaokusanya wanajua kutenganisha toleo la wakati ule na matoleo yaliyofuata, kwa kutazama namba ya fremu, aina ya usukani na vibandiko.

Baiskeli zilizokwisha kutumika Japani zimeingia kwa wingi Tanzania kwa makontena, na nyingi bado zimebeba kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani na namba. Hicho ni kibandiko cha usajili wa kuzuia wizi. Ukikikuta kwenye fremu, usikibandue. Ndicho cheti cha kuzaliwa cha baiskeli hiyo, na kwa mkusanyaji kina thamani kuliko rangi mpya.

Iliyorudi kwa bei ya juu: Raleigh Chopper

Uingereza ilikuwa na jibu lake kwa Sting-Ray. Raleigh ya Nottingham, kampuni ya Frank Bowden iliyoanza miaka ya 1880, ilianza kuuza Chopper nchini humo mwaka 1970: gurudumu dogo mbele, kubwa nyuma, na gia inayobadilishwa kwa mpini uliowekwa kwenye fremu mfano wa gari. Wimbi la BMX lilipofika, kampuni hiyohiyo ikatoa Burner mwaka 1982, na watoto wakaiacha Chopper.

Lakini watoto huzeeka na kukumbuka. Mwaka 2023 Raleigh iliitoa upya Chopper kwa pauni 950, na wanunuzi wakuu wakawa wale walioitamani au kuimiliki walipokuwa wadogo. Kiwanda cha Nottingham chenyewe kilikwisha kufunga kazi ya kuunganisha baiskeli mwaka 2002. Jengo liliondoka, kumbukumbu ikabaki sokoni.

Iliyoenea kuliko zote: Flying Pigeon na ndugu zake

Hakuna BMX inayokaribia idadi ya baiskeli nyeusi za Kichina. Flying Pigeon ya Tianjin, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950, imepita milioni 500, na kwa hesabu hiyo inatajwa kuwa chombo cha usafiri kilichotengenezwa kwa wingi kuliko kingine chochote duniani. Umbo lake lilifuata mtindo wa Raleigh: magurudumu ya inchi 28, breki zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya, mnyororo uliofunikwa, na uzito wa kilo 20 hivi.

Ndugu yake ni Phoenix ya Shanghai, ambayo kwetu imekuwa karibu jina la baiskeli yenyewe. Kutoka India zikaja Hero na Avon, zote za mji wa Ludhiana. Hero Cycles, iliyoanzishwa mwaka 1956 na ndugu wa ukoo wa Munjal, iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 1986 kama mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa baiskeli duniani.

Tanzania nayo ilikuwa na jina lake. Kampuni ya umma ya NABICO ilitoa baiskeli za Swala, kutoka enzi ambayo taifa lilikusudia kujitengenezea vitu vyake. Mwenye fremu ya Swala yenye nembo yake mbele ana kipande cha historia ya viwanda vya nchi hii. Kwangu mimi, katika orodha yote, hiyo ndiyo inayostahili kutafutwa kwanza na Mtanzania.

Iliyokwenda mbali zaidi: mwaka mmoja wa Tommy Godwin

Anayedhani baiskeli za zamani zilikuwa dhaifu na amtazame Tommy Godwin. Tarehe 1 Januari 1939 Mwingereza huyu alianza kuendesha, na hadi mwaka ulipokwisha alikuwa ametimiza maili 75,065, yaani kilomita zaidi ya 120,000. Ni wastani wa kilomita 330 kwa siku, jua na theluji, na miezi ya mwisho gizani, kwa sababu vita ilikuwa imeanza na taa zilizuiwa. Sehemu kubwa ya safari aliifanya kwa Raleigh ya chuma yenye gia nne za Sturmey-Archer.

Rekodi yake ilikaa zaidi ya miaka 75. Leo ya juu zaidi ni ya Amanda Coker wa Marekani, aliyeendesha maili 86,573 huko Florida kati ya 2016 na 2017, kwa vyombo vya kisasa vyepesi. Godwin alikuwa na chuma, ngozi na grisi.

Zilizopanda juu zaidi: Kilimanjaro na rampu ya Oklahoma

Mwishoni mwa mwaka 1984, Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, watoto wa ndugu, walipeleka baiskeli mbili za mlimani hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Pale palipopandika walipanda, na palipokataa walizibeba mgongoni. Nia yao ilikuwa kuchangisha fedha za shirika la Intermediate Technology, na safari yao waliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1985. Afrika haina mahali pa juu zaidi pa kufikisha gurudumu.

Upande wa BMX, jina ni Mat Hoffman wa Oklahoma. Mwaka 2001, akivutwa na pikipiki ili apate kasi, aliruka kutoka kwenye rampu yenye urefu wa mita zaidi ya 7 na kupaa mita 8 na ushee juu ya ukingo wake. Ukijumlisha, alikuwa mita 15 kutoka ardhini, juu ya baiskeli ya inchi 20, saizi ileile iliyokodishwa mitaani kwetu.

Kutoka vumbini hadi Olimpiki

Mashindano ya kwanza ya dunia ya BMX yalifanyika Dayton, Ohio, mwaka 1982. Miaka 26 baadaye mchezo ukaingia Olimpiki ya Beijing, na mabingwa wa kwanza wakawa Māris Štrombergs wa Latvia na Anne-Caroline Chausson wa Ufaransa. Štrombergs alirudia London 2012. Mariana Pajón wa Kolombia akachukua dhahabu London na Rio. BMX ya mitindo huru iliongezwa kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na Logan Martin wa Australia na Charlotte Worthington wa Uingereza wakawa wa kwanza kuitwaa.

Afrika Mashariki imepata sifa zake kwenye baiskeli za barabarani. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa utotoni na David Kinjah huko Kikuyu, akaja kushinda Tour de France mara nne. Biniam Girmay wa Eritrea akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio hizo, Julai 2024, na akamaliza na jezi ya kijani. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mlango umefunguka. Mtoto wa Morogoro anayeruka kichuguu kwa BMX ya mtumba yuko kwenye njia ileile waliyoanzia watoto wa Long Beach.

Iliyofanya kazi nzito kuliko zote: baiskeli ya Kilosa na Mikumi

Hapa ndipo orodha hii inapopata uzito wake.

Reli ya Kati ilifika Kilosa mwaka 1909, na katika miaka ya 1960 tawi lake likapita Mikumi hadi Kidatu. Treni iliishia stesheni. Kutoka hapo hadi shambani, mashineni, zahanati na kijiji cha pili, iliyobaki ni baiskeli. Katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, katika vitunguu vya Malolo, katika miwa ya bonde la Ruaha Mkuu, gunia lilipanda karia na mwenye nalo akashika usukani. Mkaa wa Kilosa, ambao vijiji kadhaa vilianza kuuvuna kwa mpango wa misitu yao kupitia mradi wa mashirika ya misitu ya TFCG na MJUMITA ulioanza 2012, nao huonekana ukisukumwa barabarani kwa baiskeli, magunia yakimzidi kimo anayesukuma.

Mikumi ina barabara kuu ya kwenda Zambia, ambayo hukatiza kilomita 50 ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Malori hupita kwa mamia. Lakini kinachofikisha maji, nyanya na mtoto wa shule kutoka lami hadi nyumbani hakina injini.

Kuna sababu ya kiufundi. Baiskeli za mtindo wa Phoenix zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito hukaa nyuma. Fremu zake zimelala, foku imeinama mbele, na hivyo mtikisiko wa njia ya mawe humezwa kabla haujafika mgongoni. Mafundi wetu wakaongeza ya kwao: fito za kuimarisha foku, karia ya nondo iliyochomelewa, kiti kilichoshonewa upya kwa mpira wa tairi. Kilichotoka kiwandani kikiwa cha mtu mmoja kikabeba mishikaki ya watu watatu.

Majirani nao wana mashujaa wao. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, baiskeli za abiria zilianza miaka ya 1960, na bodaboda zote za leo ni wajukuu zake. Goma, mashariki mwa Kongo, watu walichonga chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachobeba mamia ya kilo, na mji ukakiheshimu kwa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara mwaka 2009. Kilosa na Mikumi hazijajenga sanamu ya aina hiyo, ingawa baiskeli zake zinaistahili.

Rahisi kuliko zote kuifufua

Kwa anayetaka kuanza leo, BMX ya zamani na Phoenix ndizo nyepesi kushughulikia, kwa sababu vipuri vyake bado vinauzwa dukani. Tairi ya BMX ya inchi 20 hukaa kwenye ringi ya kipimo cha milimita 406, na baiskeli za watoto za sasa hutumia kipimo hichohicho. Phoenix ya inchi 28 kwa 1½ hutumia ringi ya milimita 635. Usiichanganye na tairi za baiskeli za mbio, ambazo ni milimita 622. Zitakataa kuingia, ukilazimisha utaharibu ukingo.

Anza kwa kusoma kabla ya kushika spana. Geuza baiskeli juu chini, futa matope pale ekseli ya pedeli inapopita, utafute namba iliyogongwa. Tazama pia nyuma ya bomba la kiti. Kama habu ya nyuma ni Sturmey-Archer, mara nyingi imegongwa tarakimu mbili za mwaka: 62 ni 1962. Piga picha kila upande kabla ya kufungua chochote, maana wengi hushindwa kukumbuka waya ulipita wapi.

Kutu iliyo juu ya nikeli huondoka kwa kipande cha foili ya aluminiamu kilicholoweshwa maji, ukisugua polepole. Msasa huikwangua nikeli yenyewe, na ikishatoka hairudi. Nati na boliti ndogo ziloweke kwenye siki au maji ya limao usiku mmoja, zisuuze, zikaushe, uzipake mafuta papo hapo. Gololi badilisha zote kwa pamoja, kwani mpya moja kati ya kuukuu hubeba mzigo peke yake na kupasuka. Weka grisi safi.

Rangi ndiyo inayowaponza wengi. Fundi atakushauri upulize upya ili ing'ae. Kataa kwanza. Rangi ya kiwandani, hata iliyochubuka, na nembo ya mbele iliyopigwa ribiti, haziwezi kurudishwa zikishaondoka, na wakusanyaji wengi duniani huipa bei kubwa zaidi baiskeli iliyobaki na ngozi yake. Ioshe kwa sabuni laini, uipake nta, uiache na makovu yake.

Adimu kuliko zote

Kipuri kigumu kupatikana hakiuzwi popote, kwa kuwa ni habari. Nani aliinunua? Kwa fedha ya pamba, mkonge au mshahara wa reli? Ilishuka stesheni gani? Nani alianguka nayo mtoni Mkondoa, nani alipelekwa nayo kujifungua? Fremu bila majibu hayo ni bomba lililochomelewa. Yakiwepo majibu, ni urithi. Na wenye majibu hayo, babu na bibi zetu, wanaondoka.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, ufanye mambo matatu kabla mnunuzi wa chuma chakavu hajapita tena mtaani kwenu. Ingia stoo au nyuma ya nyumba, utoe ile baiskeli iliyoegemezwa, uandike jina na namba yake. Kaa na mzee aliyeinunua, umrekodi kwa simu akieleza safari zake. Kisha mpelekee fundi wa baiskeli wa mtaani kwenu, umlipe kwa haki, na mtoto wako awe pembeni akishika spana. Walimu wa Kilosa na Mikumi, shule zenu zina kuta na vyumba: Phoenix moja, Swala moja na BMX moja, kila moja na habari zake ukutani, zinatosha kuanzisha makumbusho. Rekodi za dunia wameshika wengine. Hii ya kutunza vyetu inatusubiri sisi.